Kifungu cha Nne

Jumatatu, 3 Machi

Naliomba radhi daftari hili, ambalo lilinunuliwa kwa ajili ya kumbukumbu za bustani, kwa kulifungua kwa hasira. Shuleni, misheni, tulifundishwa kwamba mwenye ghadhabu aiandike kwanza kabla ya kuisema, apate kuona kama yastahili kusemwa. Basi naiandika.

Asubuhi hii, nilipowasha kompyuta, nilikuta taarifa kwamba taifa liitwalo Shirikisho la Milango Tisa limewasilisha hoja ya kulifuta Azimio la 118. Azimio hilo aliliandika marehemu mke wangu.

Kwa faida ya yeyote atakayesoma hapa bila kujua: uko mchezo mtandaoni ambamo kila mchezaji huunda taifa lake, akalipa jina na kulitungia sheria. Mataifa hayo yana Baraza la Dunia. Azimio likipita barazani, kila taifa mwanachama hulazimika kulifuata, hata lile lililolikataa. Na azimio likishapita halirekebishwi. Hufutwa lote au huachwa lote. Mjukuu wangu aliuleta mchezo huu nyumbani ili bibi yake, ambaye miguu ilikuwa imemgomea, apate pa kutembelea. Mke wangu alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka thelathini na minne. Taifa lake aliliita Kivuli Kipana. La kwangu ni Dola ya Wino, kwa kuwa nilikuwa karani wa mahakama, wala sikuona aibu ya kazi hiyo.

Taifa lisilotembelewa na mwenyewe kwa siku sitini hufutika. Kivuli Kipana lilifutika miaka miwili iliyopita, siku ya sitini na moja tangu alipolitembelea mara ya mwisho. Jina hilo sasa limebaki mahali pamoja tu duniani, nikiruhusiwa kuiita dunia: chini ya Azimio la 118, mbele ya neno "Mwandishi". Likifutwa, azimio hupigwa mstari, na jina pamoja nalo.

Mvua imeanza leo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimewaandikia mabalozi wanne barua za heshima. Hakuna aliyejibu hata mmoja.

Jumamosi, 8 Machi

Hoja yenyewe imechapishwa, nami nimeisoma mara tatu, kila mara nikiwa nimesimama, maana kuketi kulinishinda.

Niseme kwanza azimio lilivyo. Vifungu vitatu vya kwanza ni vya mke wangu. Cha kwanza chasema: "Mgonjwa aliye karibu na kufa asiachwe peke yake." Cha pili: "Yeyote aitwaye na mgonjwa aingie." Cha tatu kinakataza saa za kutembelea wagonjwa kutumiwa dhidi ya aliyeitwa. Ni maneno mazuri, lakini kisheria yalikuwa na matundu kama chujio. Nilimwambia hivyo mezani. Nani ataingia? Mwizi? Mwenye kuwinda urithi? Alicheka, akasema, "Haya, karani, ziba." Nikaziba. Kifungu cha nne, nakiri kwa unyenyekevu, ni kazi ya mkono wangu: "Aitwaye na mgonjwa sharti athibitishe undugu wake kwa hati iliyogongwa mhuri wa mamlaka husika."

Na hicho ndicho wanachokishambulia. Milango Tisa anaandika: "Kifungu cha nne kinaufunga mlango ambao vitatu vya kwanza vimeufungua. Mwenye ndugu waliokufa wote, mkimbizi, mtu asiye na karatasi, wote hao wataachwa wafe peke yao, na sheria itasema imewatendea haki."

Sijui huyu ni nani. Amejificha nyuma ya bendera yenye milango tisa na kuwahukumu watu aliowakuta wakifanya kazi. Naomba radhi kwa neno ninalotaka kuandika, na kwa hiyo siliandiki.

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu, mpima ardhi, alipiga simu kutoka kazini kwake.

"Baba, mbona sauti imekauka?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo umegombana na nchi ya kwenye kompyuta."

"Nimekerwa na mwandishi wa hoja."

"Unamfahamu?"

"Simfahamu."

"Pengine ni mtoto wa darasa la saba, Baba."

"Basi ni mtoto anayepanga hoja vizuri, na hilo linaniudhi zaidi."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, kwa ule upole ambao watoto huwapa wazee kama dawa ya kikohozi, "Mama amepumzika. Pumzika na wewe." Nilikata simu yeye akiwa bado anasema, jambo ambalo sijapata kulifanya maishani. Nikampigia kumwomba radhi. Nilipomaliza kuomba radhi nikakasirika upya.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeweka hotuba yangu ya kwanza katika ukumbi wa Baraza. Mjukuu wangu, anayesomea ualimu na anayekaa nami katika chumba cha nyuma, aliipitia akiwa na mswaki mdomoni.

"Babu, aya kumi na nne?"

"Hoja ni nzito."

"Watu wa humu wakiona aya tatu wanakimbia."

"Basi wakimbie wakiwa wameelimika."

Hadi jioni nilikuwa nimepata jibu moja, kutoka Jamhuri ya Paka. Liliandikwa "Nyau." Mjukuu wangu amenihakikishia kwamba huko ni kuniunga mkono. Nimemwandikia balozi wa paka barua ya shukrani.

Niandike pia, kwa kuwa lina uzito, kwamba mimi ni mjumbe wa kanda yetu mchezoni. Mataifa hamsini yamenikabidhi sauti zao, kwa hiyo kura yangu huhesabiwa hamsini na moja. Milango Tisa analijua hilo. Ameniandikia faraghani, "Mheshimiwa Dola ya Wino, nakuomba uitafakari hoja bila kumtazama mtu." Bila kumtazama mtu. Kana kwamba sheria hutungwa kwa ajili ya viti.

Jumatatu, 17 Machi

Dari ya chumba cha kusomea inavuja juu ya kompyuta. Nimeihamishia kompyuta sebuleni na kuliacha beseni mahali pake. Mtandao umekatika mara mbili. Nilipiga simu kwa kampuni, nikaambiwa na sauti ya mashine kwamba simu yangu ni muhimu. Nilisubiri dakika arobaini nikiwa muhimu.

Jumatano, 19 Machi

Leo alikuja Fundi. Huyu ni mwanamama fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye aliishi na mke wangu kama watu waliozaliwa tumbo moja. Miaka thelathini walishirikiana vyungu, watoto na siri. Kwa sababu hiyo yeye huniita shemeji, nami humwita shemeji, ingawa hakuna damu kati yetu. Alileta koti langu alilolibadilishia bitana.

Nilikuwa na hotuba ya pili mezani, kali kuliko ya kwanza.

"Shemeji, niwie radhi kwa usumbufu," nikamwambia, "lakini nahitaji sikio la mtu asiye wa mchezo huu."

"Wewe soma tu. Kazi iko mikononi, masikio yamekaa bure."

Nilisoma nikiwa nimesimama, naye akikata nyuzi zilizobaki kwenye bitana. Niliposoma vifungu vya mke wangu aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu asikiaye sauti anayoijua chumba cha pili. Nilipofika cha nne mkasi ukasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hiyo ya mhuri aliandika yeye?"

"Niliandika mimi."

"Nilijua. Yule hakuwa mtu wa mihuri." Akakata uzi mmoja. "Sasa niambie, shemeji. Kwa kifungu hicho, mimi ningeingia?"

"Ungehitaji hati ya undugu."

"Naipata wapi?"

"Kwa mamlaka husika."

"Ni mamlaka ipi inayoandika kwamba fulani na fulani wamekula sahani moja miaka thelathini? Nitajie ofisi, kesho asubuhi nikapange foleni."

Nilisema kwamba sheria haiwezi kumtazamia kila mtu. Nilisema kwamba bila utaratibu kila mtu angeingia. Nilisikia sauti yangu ikipanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo ilivyozidi kuwa sauti ya mlinzi wa geti.

Alilikunja koti kwa uangalifu, akaliweka kitini, akapiga kofi dogo kulilainisha.

"Mimi nilidhani siku ile pale getini ulibabaika," akasema. "Nikakusamehe, nikasema mtu amefiwa, akili haiko. Kumbe hukubabaika. Siku ile ulikuwa umeshaiandika kabla haijafika."

Akaondoka mvuani bila mwavuli. Mwavuli wake uko hapa.

Alhamisi, 20 Machi

Sikupeleka hotuba. Hasira ipo, lakini haina anuani.

Ijumaa, 21 Machi

Nimejaribu tangu asubuhi kuthibitisha kwamba Fundi amekosea. Nimeandika sababu sita, zote nzuri, nami sizisadiki. Basi niandike siku yenyewe.

Mke wangu alilazwa kwa siku tisa. Hospitali ilikuwa na kadi mbili za wageni. Moja nilikuwa nayo mimi, ya pili alikuwa nayo mwanangu, ambaye siku ile alikuwa safarini. Nilifika getini na Fundi. Alikuwa amebeba khanga aliyoipinda pindo. Mlinzi alinitazama mimi, si yeye, akauliza, "Huyu ni nani wa mgonjwa?"

Miaka thelathini nimemwita shemeji. Ningejibu kwa neno hilo hilo, na lisingekuwa uongo katika kinywa cha mtu yeyote wa mtaa wetu. Lakini nilikuwa nimewaapisha mashahidi kwa miaka thelathini na sita, na nilipoulizwa swali rasmi na mtu aliyevaa sare, kitu ndani yangu kilisimama wima na kujibu, "Ni jirani." Mlinzi akasema majirani saa za jioni. Mimi nikamgeukia Fundi, nikamwambia, "Samahani, ndio utaratibu." Nikaichukua khanga, nikapanda ngazi.

Hilo analijua. Alikuwepo. Lililofuata halijui.

Nilipofika kitandani mke wangu alitazama nyuma yangu. Akauliza, "Fundi wangu yuko wapi?" Nikasema amezuiwa getini. Akasema, "Shuka umwambie mlinzi nimemwita mimi." Alisema hivyo kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa wanafunzi wa uuguzi. Nikasema jioni ataruhusiwa. Baada ya muda akauliza tena. Nikasema jioni. Hakuuliza mara ya tatu. Saa nane na robo mchana alifariki.

Ngazi zilikuwa ishirini na mbili. Sikushuka.

Hasira niliyomwandikia Milango Tisa majuma yote haya, naiomba irudi nyumbani.

Jumapili, 23 Machi

Upigaji kura umefunguliwa, wa siku nne. Nimepiga kura ya hapana. Naomba radhi, sikuweza kulipiga mstari jina lake kwa kidole changu mwenyewe.

Jumanne, 25 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kucha. Kura za ndiyo 463, za hapana 498. Zangu hamsini na moja zimo katika hapana. Mjukuu wangu aliona namba hizo akanipigia makofi.

"Tunashinda, Babu. Bibi anabaki."

Nikamwambia yote niliyoandika Ijumaa. Sikuwa nimekusudia. Alikuwa amesimama na kikombe, akakaa nacho bila kunywa.

"Kwa nini hukushuka?"

"Ndio ulikuwa utaratibu, mwanangu."

"Usinipe jibu la karani. Nipe la Babu."

"Niliogopa kuonekana mtu anayeomba upendeleo."

Alinitazama. Sijapata kutazamwa hivyo na mtoto wa nyumbani kwangu, na ninakiri nilistahili.

"Wewe unajua kura inaweza kubadilishwa kabla ya kufungwa," akasema, akaenda zake chumbani.

Jumatano, 26 Machi

Kura ilikuwa ifungwe saa kumi na mbili jioni. Asubuhi niliandika barua kwa mataifa hamsini yaliyoniamini, kueleza kwamba mjumbe wao amekosea na sababu za kukosea kwake. Nilipotaka kuituma, mtandao ukakatika. Saa tano haukuwepo. Saa nane haukuwepo. Nilipiga simu kampuni, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoacha utoto niliipigia kelele mashine. Siiombi radhi.

Saa tisa nilivaa koti, nikachukua mwavuli uliokuwepo, ambao ni wa Fundi na una maua, nikaenda kwa miguu hadi duka la kuchapisha barua lililo karibu na posta. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Mwenye duka, mwanamke mwenye miwani kichwani na mingine machoni, aliniwekea gazeti chini nikanyage.

"Mzee wangu, kwenye mvua hii ni maombi ya kazi?"

"Hapana, mama. Nakuja kupiga kura."

"Kura ipi tena? Mbona sisi hatujatangaziwa?"

Nilimweleza kwa kifupi. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta kiti.

"Kwa hiyo ukibonyeza hapa, jina la mama linaondoka?"

"Linaondoka."

"Na usipobonyeza?"

"Linabaki, pamoja na kosa langu, na litadhaniwa ni lake."

Akafuta kioo cha kompyuta kwa upindo wa khanga yake, ingawa kilikuwa safi. "Basi chukua muda wako, mzee. Wa nyuma yako watasubiri."

Hakukuwa na mtu nyuma yangu. Nilituma barua. Nikabadilisha kura. Namba zikageuka mbele ya macho yangu: ndiyo 514, hapana 447. Nilikaa pale hadi kura zilipofungwa, na sikumbuki kama nilisema kwaheri.

Alhamisi, 27 Machi

Limepigwa mstari. Nimelitazama mara moja tu. Mataifa kumi na mawili ya kanda yameniondolea imani, nayo yana haki. Jamhuri ya Paka wamebaki.

Jumapili, 30 Machi

Milango Tisa ameniandikia. Nilitarajia majivuno, nilikuwa nimeshaandaa jibu. Anasema:

"Mheshimiwa, nimesoma barua yako kwa kanda. Mimi kazi yangu ni mapokezi ya hospitali. Watu unaowasema ndio ninaowarudisha, kila zamu, kwa sababu karatasi iliyobandikwa dirishani kwangu inasema hivyo. Siwezi kuibandua. Nilitaka angalau niibandue mahali fulani. Tafadhali niandikie azimio jipya wewe, kwa jina lako."

Nilisoma nikiwa nimeketi.

Nimemjibu kwamba azimio lipo tayari. Ni vifungu vitatu, na nimevinakili kama vilivyotoka mkononi mwa mke wangu, bila kugusa. Nilitaka jina la Kivuli Kipana liwekwe kama mwandishi mwenza, lakini kanuni ya mchezo inataka taifa lililo hai. Nimesoma kanuni hiyo mara nyingi nikitafuta tundu, mimi niliyeishi kwa kuziba matundu. Haina. Jina langu sikulitoa. Litakwenda kwa jina la Milango Tisa.

Jumapili, 6 Aprili

Limepita. Ni Azimio la 131. Kura 702 kwa 188. "Yeyote aitwaye na mgonjwa aingie" sasa ni sheria katika mataifa yote wanachama tangu saa sita mchana, wala hakuna mhuri.

Nilikaa nalo kwa nusu saa, kisha nikaona kwamba naanza kuridhika, na kuridhika huko kukanichukiza. Nikachukua mwavuli wenye maua, nikaenda mlango wa pili.

Fundi alikuwa kwenye cherehani. Hakusimamisha gurudumu.

"Nimeleta mwavuli."

"Weka hapo."

"Na nimeleta neno, shemeji. Siku ile alikuita. Aliniambia nishuke nimwambie mlinzi kwamba amekuita yeye. Aliniambia mara mbili. Sikushuka."

Gurudumu lilizunguka kidogo lenyewe likasimama.

"Mara mbili," akasema.

"Ndiyo."

"Na miaka hii yote unapita hapa kila asubuhi unaniuliza nimeamkaje."

"Ndiyo."

Aliutoa uzi kwenye sindano, akauvuta wote, akausokota kidoleni, akaukata.

"Nenda nyumbani, mzee," akasema.

Hakusema shemeji.

Jumatatu, 7 Aprili

Cherehani haikusikika leo ukutani.

Jumanne, 8 Aprili

Wala leo. Mjukuu wangu alimpelekea chakula, akarudi na sahani iliyooshwa. Nilimuuliza alisema nini. "Amesema asante, Babu. Kwangu mimi, si kwako."

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua imekatika. Saa nne asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa Fundi, na kitambaa cheusi kichwani kama siku ya msiba. Nilikuwa nimechapisha Azimio la 131 katika karatasi nzuri, nikampa, nikaanza kumwambia namna lilivyopita, mataifa mangapi, masharti gani.

Alilikunja bila kulisoma, akalitia kifuani mwa gauni.

"Hili nitalisoma mwenyewe," akasema. Akavuta kiti cha mke wangu, kile ambacho hakuna anayekikalia, akakikalia. "Nimekuja kwa lingine. Mimi siku ile sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Nataka unieleze siku nzima tangu ulipoingia wodini hadi alipofumba macho. Alivaa nini, alisema nini, nani alipita. Usirembe, usiniombe radhi katikati, na usiruke kitu."

"Ni ndefu, shemeji," nikasema, na neno lilinitoka kabla sijajiuliza kama bado nina ruhusa nalo.

"Nina siku nzima."

Naliacha daftari hapa, maana amekaa ananisubiri. Nitaanza na chai ya asubuhi, ambayo alikunywa nusu, na khanga, ambayo alinitaka nimfunike miguuni.